UZI: Ushuru usioandikwa popote. Tuhesabu kilichomo ndani ya mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini

DukaLaKona

Hamjambo wanajamvi. Nina duka Umoja, Nairobi, la mlango mmoja na dirisha la nondo, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili.

Siku hiyo chama chetu cha akiba kilikutana. Maneno yakafika kwenye ushuru, na mwanachama mmoja aliyeajiriwa ofisini, mtu ninayemheshimu sana, akasema nchi hii inabebwa na watu wa mshahara. Sisi wa mtaani, mama mboga, watu wa boda, wenye vibanda, hatulipi chochote. Akatoa simu akatuonyesha hati yake ya mshahara: PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara), asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, asilimia 2.75 ya SHIF, bima ya afya ya jamii. Kila kato lina jina lake na tarakimu yake. Hakusema kwa kiburi, anaumia kweli. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sikuwa na karatasi ya kumwonyesha uzito wa wangu. Nikanyamaza.

Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, mtoto wa ploti ya nyuma akaja amevaa sare ya shule, sarafu ya ishirini ameibana kiganjani, na chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Mafuta ya kupikia ya ishirini. Nikampimia, akaenda mbio. Nikatoa risiti ya duka la jumla kwenye droo nikaanza kuhesabu.

Mtungi wa lita 20 niliununua kwa shilingi 4,640. Risiti inasema 4,000 ni ya mafuta na 640 ni VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mimi sijasajiliwa kwa VAT. Sheria inakutaka ujisajili mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, na duka langu haliko karibu na hapo. Kwa hivyo zile 640 siwezi kuzidai KRA, mamlaka ya ushuru, wala kuzikata mahali popote. Kwangu ni gharama, sawa na pesa ya mkokoteni. Nikaweka faida yangu ya asilimia 10 juu ya 4,640, kwa maana hizo ndizo zilizotoka mfukoni. Mtungi ukawa 5,104. Bila VAT, kwa faida hiyo hiyo ya asilimia 10, ungekuwa 4,400. Tofauti ni 704. Serikali imechukua 640, na 64 zilizobaki nimeziweka mimi, faida juu ya ushuru. Miaka yote hii ya biashara sikuwahi kuliona hilo, na limenisumbua.

Basi katika ile sarafu ya mtoto, shilingi mbili na nusu ni VAT peke yake. Sijagusa dizeli ya lori lililoleta mtungi. Sijagusa ada zilizolipwa Mombasa mafuta ghafi ya mawese yalipoteremshwa, wala stima ya kiwanda kilichoyasafisha. Mtoto hakupewa risiti. Mama yake hufulia watu nguo, hana hati ya mshahara, na kesho ataambiwa halipi ushuru.

Naomba kila mmoja alete cha kazi yake, na hesabu zake. Nataka Jumapili ijayo niende chamani na karatasi.

MakangaWa33

Mama, asante kwa kulifungua hili. Mimi niko kwenye matatu ya viti 33, laini ya Kayole. Kila tarehe 14 jioni sisi huwa tumetega redio kusikia EPRA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, watasema nini, kwa sababu bei mpya inaanza usiku huo huo na kesho alfajiri tajiri anataka hesabu ile ile.

Watu husikia bei ya lita wakadhani yote ni mafuta. Haya ni ya dizeli, kwa viwango vya Julai 2024: ushuru wa bidhaa (excise) shilingi 11.37, ushuru wa kukarabati barabara shilingi 25, ushuru wa maendeleo ya petroli shilingi 5.40. Hapo tayari ni 41.77 kwa lita, na sijaweka ada ndogo ndogo za reli, za tamko la forodha na za EPRA wenyewe. Halafu VAT ya asilimia 16, ambayo kwa mafuta ilikuwa 8 mpaka Julai 2023.

Gari letu hula lita 40 kwa siku ya kawaida. Mara 41.77, ni shilingi 1,670 na senti, kabla ya VAT. Hiyo ni kila siku, mvua inyeshe, foleni iwepo, abiria wakose.

Huo ushuru wa barabara ulikuwa 18 ukapandishwa hadi 25. Shilingi saba. Mtu ataona ni kidogo. Kwa lita 40 ni 280 kwa siku, na nilipoongeza nauli kwa kumi abiria mmoja pale Donholm alinishika shati akaniita mwizi mbele ya watu. Mama mtu mzima. Sikumjibu kwa sababu ningemwambia nini? Tikiti yetu haina pa kuandika 41.77.

Kijana_Roysambu

Upande wangu ni kredo, muda wa maongezi wa simu. Nilikuwa najua kredo ina ushuru wa bidhaa asilimia 15 na VAT asilimia 16, nikawa najumlisha 31. Juzi mwalimu wetu wa hesabu chuoni akatuonyesha kwamba hazijumlishwi hivyo. VAT hupigwa juu ya bei ambayo tayari imeshaongezwa ushuru wa bidhaa. Huduma ya shilingi 100 inakuwa 115, halafu 16 juu ya 115, inafika 133.40. Yaani asilimia 33.4.

Rudisha nyuma sasa: ukikwangua kadi ya 100, shilingi 13.79 ni VAT, 11.24 ni ushuru wa bidhaa, na ya kuongelea ni kama 75. Bando vile vile. Mimi hutafuta kazi kwa bando za ishirini ishirini, kwa hivyo kila nikituma maombi ya kazi shilingi tano imeshaenda Hazina kabla sijaandika jina langu. Nimekuwa nikisikia vijana wasio na kazi hawachangii chochote.

Na ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa pia ina asilimia 15 ndani yake. Ushuru huo ulianza 2013 ukiwa asilimia 10, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Ukimtumia mama nyumbani shilingi 800, ada ni 13, na 1.70 kati yake ni ushuru. Ni pesa ya kumsaidia mzazi hiyo.

MhasibuUtawala

Nimefanya kazi ya uhasibu muda mrefu, ngoja nichangie kidogo, kwa sababu kuna mlango ambao wengi hawaujui na ndimo ushuru mwingi hujificha.

Dada wa duka, kwanza usijilaumu kwa zile 64. Kila mfanyabiashara duniani huhesabu faida juu ya gharama yake. Ndivyo ushuru unavyokua ukiwa njiani: wa jumla anaweka asilimia yake, wewe unaweka yako, na anayeuza chapati anaweka yake juu ya mafuta yako.

Sasa mlango wenyewe. Chukueni risiti yoyote ya duka kubwa, za siku hizi zenye alama ya eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA. Kando ya kila bidhaa kuna herufi. B ni bidhaa za asilimia 16. C ni bidhaa za kiwango cha sifuri. A ni bidhaa zilizosamehewa VAT. Mnunuzi anaona C na A zote zina 00.00 akadhani ni kitu kimoja. Hapana, ni mbingu na ardhi.

Bidhaa ikiwa ya kiwango cha sifuri, kama mkate wa kawaida au unga wa mahindi, anayeiuza hatozi VAT, na ile VAT aliyolipa kununua vifaa vyake anarudishiwa na KRA. Marejesho huchelewa na viwanda hulalamika, lakini haki yake ipo. Bidhaa ikiwa imesamehewa, muuzaji hatozi VAT, na pia harudishiwi aliyolipa. Atafanya nini? Ataiingiza kwenye bei. Risiti itasoma sifuri, na ushuru uko ndani, hauonekani hata kwa darubini.

Makanga, nauli yako imesamehewa. Ndiyo maana VAT ya dizeli na ya vipuri haiwezi kudaiwa na tajiri wako, inabaki kwenye gari, halafu inamfikia yule mama wa Donholm. Karo ya shule imesamehewa: shule imenunua madawati, rangi, simiti, kompyuta, vyote na VAT, na hairudishiwi. Zahanati vile vile.

Na kubwa kuliko zote, kodi ya nyumba. Nyumba ya kuishi haina VAT kwenye kodi ya mwezi. Lakini mwenye nyumba alinunua simiti, vyuma, mabati, vigae, masinki, nyaya, kila kimoja na asilimia 16, na hakurudishiwa hata senti. Anajirudishia kutoka kwa mpangaji, mwezi baada ya mwezi, miaka ishirini. Mpangaji wa chumba kimoja Pipeline anailipa VAT ya simiti iliyomwagwa kabla hajazaliwa.

Kwa hivyo mkisikia Mswada wa Fedha unasema bidhaa fulani "inahamishwa kutoka kiwango cha sifuri hadi kusamehewa", msipige makofi. Neno kusamehewa ni tamu, lakini maana yake ni kwamba bei itapanda na hakuna risiti itakayosema kwa nini. Mswada wa 2025 ulipendekeza kufanya hivyo kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo malighafi za chakula cha mifugo. Anayefuga kuku Ruai anajua hilo linaishia wapi: kwenye yai.

FundiWaMawe

Kwa simiti ongeza hii: klinka, malighafi ya simiti, inayotoka nje inatozwa ushuru wa kuendeleza mauzo ya nje na uwekezaji tangu 2023. Vyuma pia. Mteja hulia na mimi kwamba nimepandisha bei ya slabu, na mimi sijaongeza hata mia kwenye kibarua changu.

MzeeBuru

Nimesoma yote kwa makini na naheshimu hesabu zenu, lakini naomba niseme upande mwingine. Mimi nilikuwa mtumishi wa umma. Nakumbuka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, na watoto walivyojaa madarasani hadi wengine wakakaa chini. Ile ilikuwa pesa ya ushuru. Barabara ya kwenda Thika mnayopita ni ya ushuru na ya mikopo inayolipwa kwa ushuru. Nchi haiendeshwi kwa sala.

Na ushuru unaowekwa ndani ya bei una faida yake: unakusanywa kwa urahisi. Ukitaka kumfuata kila mwenye kibanda umtoze ushuru wa mapato, utaajiri jeshi la maafisa na nusu yao watakula rushwa. Ukitoza mafuta pale Mombasa, umemaliza. Mnataka ifanywe vipi?

DukaLaKona

Mzee, asante, na nakujibu kwa heshima. Mimi sikatai kulipa. Mtoto wangu wa kwanza aliingia darasa la kwanza mwaka huo huo unaoutaja, na nisingemudu. Ninachotaka ni kitu kimoja: kama ninalipa, niambiwe ninalipa, na ni kiasi gani.

Tazama yaliyotokea 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mboga. Watu waliusoma. Mkate una jina, kila mtu anaujua, na pendekezo la mkate likaondolewa hata kabla ya maandamano makubwa. Tarehe 25 Juni yakatokea yaliyotokea pale Bungeni, vijana wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi. Mswada wote ukaanguka.

Mwezi uliofuata ushuru wa barabara ukapanda kutoka 18 hadi 25. Haukuwa ndani ya mswada ule. Na Desemba mwaka huo huo ushuru wa maendeleo ya reli kwa bidhaa kutoka nje ukapandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Nani aliuona? Mimi sikuuona. Niliuona dukani, kwenye bei ya sabuni na kiberiti, na sikujua ni nini. Mkate uliokolewa, halafu lori linaloubeba mkate likaongezewa shilingi saba kwa kila lita.

Hilo ndilo linaloniumiza, mzee wangu. Ushuru wenye jina tunaweza kuujadili, kuukataa, au hata kuukubali tukiambiwa ni wa nini. Usio na jina unapita tu.

Kuhusu ugumu wa kutoza kila kibanda, nakuelewa. Lakini Katiba yenyewe, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Mwenye mshahara wa laki tano na huyu mama anayefulia watu nguo wakinunua mtungi mmoja wa mafuta, wanalipa 640 ile ile. Kwake yeye mama, pesa yote ya mwezi inaishia dukani, kwenye kredo, kwenye nauli na kwenye kodi. Hana inayobaki benki ambayo VAT haijaigusa. Hiyo haki iko wapi?

MzeeBuru

Hapo umenena. Silipingi hilo.

NyanyaMarikiti

Dada wa duka na makanga, mmesahau sisi wa soko. Mimi nauza nyanya pale Wakulima, Marikiti, mwaka wa kumi na mbili huu.

Nyanya hazina VAT, ni mazao mabichi, zimesamehewa kama alivyoeleza mhasibu. Lakini njooni niwaonyeshe kreti moja inayotoka Loitokitok. Kaunti ya mkulima inakata sesi, ada ya mazao, kabla lori halijatoka. Likipita kaunti nyingine unaweza kukuta kizuizi na kijana mwenye kitabu cha risiti. Likifika Nairobi kuna ada ya kuingiza mzigo sokoni, halafu ada ya maegesho, halafu mimi mwenyewe nalipa ya kila siku kwa kanjo, watu wa kaunti ya jiji. Hizo zina risiti, ninazo kwenye kikapu, zimelowa maji ya nyanya lakini zinasomeka.

Halafu kuna zile zisizo na risiti. Usiku barabarani dereva anasimamishwa, taa ya nyuma inaangaliwa, na lori halisogei mpaka mkono ukutane na mkono. Dereva haniletei maelezo, ananiambia tu "gharama ya njia". Nayo naigawanya kwa kreti. Kwa mnunuzi ni ushuru tu, ila huu haujengi hata choo cha soko.

Katiba kifungu cha 209 inasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kwa njia inayozuia bidhaa kusafiri nchini. Nilisomewa na mwanafunzi mmoja wa sheria aliyekuja kununua nyanya, nikamwomba aniandikie kwenye karatasi. Ninayo pale kibandani. Siku moja nilimwonyesha mtoza ushuru wa sokoni, akaisoma yote, akanirudishia, akaniambia, "Mama, mimi nimetumwa."

Niliwahi kuhesabu siku ambayo kreti ilinifikia vizuri, bila lori kuharibika. Kila nyanya nne ninazouza, moja inakwenda kwa njia na kwa ada. Mkulima hafaidi, mimi sifaidi, na anayekula analia.

MitumbaGikomba

Belo la mitumba nalo: ushuru wa forodha kwanza, halafu asilimia 2.5 ya tamko la uagizaji, asilimia 2 ya reli, halafu VAT juu ya thamani ambayo imeshaongezwa ule wa forodha. Ada ya reli ilianza 2013 kusaidia kujenga SGR, reli mpya ya kisasa. Treni ya abiria ikaanza 2017, mimi sijawahi kuipanda, lakini kila mtoto niliyemuuzia viatu Gikomba ameilipia. Sisemi reli ni mbaya. Nasema nilistahili kujua.

Mpangaji_Zimmerman

Swali kuhusu stima. Nikinunua tokeni za 500 ujumbe unaonyesha pesa za tokeni, halafu "makato mengine" kwa jumla, karibu mia mbili. Hayo yote ni ushuru?

MhasibuUtawala

Si yote, na tuwe wakweli hapo, maana tukizidisha tutapuuzwa. Ndani ya hayo makato kuna gharama ya mafuta yanayotumiwa kuzalisha umeme, kuna marekebisho ya ubadilishaji wa fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei. Hizo si ushuru, zinaenda kulipia umeme wenyewe. Ushuru na ada ni VAT ya asilimia 16, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, ada ya EPRA na ada ndogo ya mamlaka ya maji. Hapo ubaya ni kwamba ujumbe wa simu unavikoroga vyote kwenye chungu kimoja. Mtu hawezi kulalamikia kitu asichoweza kukitenganisha.

Kijana_Roysambu

Mhasibu, swali. Ushuru ukiondolewa, bei inashuka kweli? Ama tunapigania pesa itakayoishia kwa mfanyabiashara?

DukaLaKona

Hilo niachieni mimi, kwa sababu niko kaunta.

Aprili 2020, corona ilipoingia, VAT ilishushwa kutoka 16 hadi 14, na Januari 2021 ikarudishwa 16. Niliposikia redioni niliwaambia wateja bei zitashuka. Nikaenda kwa muuzaji wangu wa jumla. Sukari bei ile ile. Sabuni bei ile ile, au imepungua shilingi moja kwa katoni. Nikauliza, nikaambiwa huo ni mzigo wa zamani. Nikarudi mwezi uliofuata, nikaambiwa usafiri umekuwa mgumu. Wateja wangu waliniona mimi ndiye muongo. Januari iliyofuata VAT ilipopanda, mzigo wa zamani haukutajwa, bei ilipanda siku hiyo hiyo.

Kwa gesi ilikuwa afadhali kidogo. Julai 2021 iliwekewa VAT ya 16, mwaka uliofuata ikawa 8, na 2023 ikaondolewa kabisa. Mtungi wa kilo sita ulipopanda niliona kwa macho yangu kina mama wa ploti wakirudi kwa makaa, jiko likakokwa kwenye korido, watoto wakakohoa. Ulipoanza kushuka walirudi kwa gesi mmoja mmoja, si wote.

Kwa hivyo kijana, jibu langu ni kwamba inashuka pale mnunuzi anapojua kiasi kilichoondolewa. Asipojua, kinabaki njiani. Huko kujua ndiko kunakotufaa.

MhasibuUtawala

Naunga mkono. Na ndiyo sababu ningependa bei ya rafuni iandikwe kama ya mafuta ya gari inavyoweza kuchambuliwa. EPRA huweka bei wazi kila mwezi, ndiyo maana makanga ameweza kutupa zile namba. Unga, sukari, sabuni, dawa, nani anatuchambulia? Sukari peke yake tangu Julai 2025 ina ushuru wa maendeleo ya sukari wa asilimia 4, kwa ya hapa na ya nje. Mnunuzi wa robo kilo hatauona milele.

MakangaWa33

Mama, Jumapili ilienda vipi chamani?

DukaLaKona

Nilienda na daftari. Sikutaka kumwaibisha mtu, kwa hivyo nilimwita pembeni kabla ya mkutano, nikamwonyesha ya mafuta, ya kredo, ya nauli, na ile ya mpangaji wa Pipeline. Alisoma polepole. Akaniuliza kama nauli yake ya kutoka Umoja hadi mjini nayo iko humo. Nikamwambia iko. Akasema basi yeye analipa mara mbili, kwenye hati na nje ya hati. Nikamwambia ndiyo, na mwenzake anayefua nguo analipa ile ya nje ya hati kwa pesa isiyotosha chakula. Alipofika mbele ya wanachama alilisema mwenyewe, kwamba alikosea. Nimemheshimu zaidi.

Jumatatu nilikata katoni ya sabuni nikaibandika kando ya dirisha la duka. Nimeandika kwa kalamu nzito: mafuta ya kupikia ya 20, VAT 2.50. Kredo ya 100, ushuru 25. Unga, VAT hakuna, lakini lori lake limelipa. Wateja wanasimama kusoma. Wengine wanabishana na mimi, na nimefurahi kubishana nao.

Jana jioni mama wa yule mtoto alikuja mwenyewe. Alisoma katoni yote, halafu akauliza kwa nini sijaandika ya mafuta ya taa, maana yeye ndiyo anayopikia. Nikarudi kwa daftari. Mafuta ya taa yana ushuru wa bidhaa 11.37 kwa lita, na tangu Septemba 2018 yana shilingi 18 zaidi, zilizowekwa ili watu wasiyachanganye na dizeli. Jumla 29.37, kabla ya VAT. Aliniuliza nani alikuwa anachanganya. Nikamwambia walikuwa wafanyabiashara wa mafuta, wale wa malori. Akauliza, "Na mimi je, nina lori?"

Nimeandika 29.37 chini kabisa ya katoni. Mwenye hesabu ya dawa za hospitali aniletee, bado pana nafasi upande wa pili.